Makofi ya Mtaa wa Kibafuta

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, na wewe msomaji ukiitambua, tafadhali usiseme kwamba ni mimi niliyekuonyesha. Ni nchi nzuri, ina amani na utulivu, na viongozi wake hawalali kwa kuwafikiria wananchi. Wakilala ni kwenye vikao tu. Katika nchi hiyo lipo jiji, na jiji hilo lina Baraza la Madiwani lenye sifa ambayo mabaraza mengine yangeionea wivu: halijawahi hata mara moja kufanya jambo bila ridhaa ya wananchi.

Ridhaa yenyewe hupatikana kwa makofi. Watu wa jiji lile hawapigi kura kuhusu mambo ya maendeleo, maana kura ni siri, na siri si kitu kizuri baina ya kiongozi na anaowaongoza. Sheria inasema waziwazi: hoja ikiwa mezani, wananchi wakapiga makofi, hoja imepita. Wasipopiga mpaka jua likazama, hoja imeanguka, na hairudishwi tena mpaka mwaka mwingine. Na kwa kuwa viongozi wale ni watu wa haki, waliongeza kipengele kwamba makofi yawe ya hiari. Makofi ya kulazimishwa ni batili. Yupo hata ofisa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, anaitwa Mpimaji wa Makofi. Ana kiti chake, ana mwavuli wake, na masikio yake yamekatiwa bima na jiji.

Tangu sheria hiyo itungwe, hakuna hoja iliyowahi kuanguka. Si kwamba watu wale ni wajinga, hasha. Ni watu wenye adabu. Wamelelewa hivyo: mtu akitajwa cheo, unapiga, akimaliza kusema, unapiga, akikohoa katikati ya hotuba, unapiga ili kumpa moyo. Ndivyo walivyopigia makofi kuhamishwa kwa soko lao likapelekwa porini. Ndivyo walivyopigia makofi kung'olewa kwa daraja lililokuwa likiwavusha kwenda hospitali kuu, kwa sababu siku hiyo Mstahiki Meya Tambwe alisema "ndugu zangu" kwa sauti iliyotetemeka. Daraja likapelekwa nyumbani kwa Meya, likasimamishwa juu ya bustani ya maua, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mto. Limependeza sana. Wageni hupiga picha hapo.

*

Bi. Mwatumu wa Mtaa wa Kibafuta alikuwapo siku ya daraja, na alipiga makofi kama wenzake. Alipiga kwa nguvu, maana ana viganja vipana vya mtu aliyekanda unga wa maandazi maisha yake yote. Mvua za mwaka ule ziliposhuka, binti yake mkubwa, Mwanajuma, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mto ulikuwa umejaa na daraja lilikuwa kwenye maua. Wakampakia kwenye mkokoteni wazunguke njia ya juu. Mwanajuma alifia njiani, mtoto akiwa bado tumboni. Bi. Mwatumu alimshika mkono mpaka mwisho, na waliporudi nyumbani aliitazama mikono yake mwenyewe akaichukia.

Hakukaa akalia tu. Aliwakusanya majirani, wakafyatua matofali, wakachanga saruji, naye akakaanga maandazi ya kuwalisha mafundi bila kuchukua hata senti. Wakajenga zahanati. Ilikuwa na vyumba viwili, kitanda cha kuzalia, na nesi mmoja mwenye roho ya chuma aitwaye Adela. Baraza la Madiwani nalo halikubaki nyuma. Lilipoombwa bati lilisema halina fungu, lakini siku ya ufunguzi lilileta mkasi wa kukatia utepe, likauchukua tena likaondoka nao. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Kibafuta aliyefia njiani.

Mambo yangeendelea hivyo kama watu wa Kibafuta wasingefanya kosa la kulalamika. Walipeleka kero mbili. Ya kwanza, paa la zahanati linavuja. Ya pili, wamekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi na baraza haliwasikilizi.

Kero ya kwanza haikumgusa mtu. Ya pili iliwachoma waheshimiwa mpaka ndani ya mioyo. Hawasikilizi? Wao? Wapo madiwani waliokosa hamu ya kula mchana ule. Wakakaa kikao cha dharura kwenye hoteli ya ufukweni, wakala kidogo kidogo, na jibu likapatikana.

Aliyetumwa kulipeleka ni diwani wao wenyewe wa Kibafuta, Mheshimiwa Makungu, kijana mnene mwenye sauti laini ambaye utotoni alikula sana maandazi ya Bi. Mwatumu, na mengi hakuyalipia.

"Mama yangu," alisema, akiwa amesimama mlangoni kwa Bi. Mwatumu kwa sababu hakutaka viatu vyake vishike vumbi, "furahini. Mlileta kero mbili, na baraza limezijibu zote mbili kwa mpigo mmoja. Tunawajengea Kituo cha Kisasa cha Kusikilizia Kero za Wananchi."

"Alhamdulillahi. Na paa la zahanati?"

"Nalo limo humo humo. Tunaliondoa."

"Mnaweka jipya?"

"Tunaliondoa, mama. Kituo kinajengwa pale pale zahanati ilipo. Paa likishaondoka haliwezi kuvuja tena, au nimekosea?"

Bi. Mwatumu alikaa chini kwenye kigoda. "Makungu. Na wanawake wenye mimba waende wapi?"

"Hao ndio tumewafikiria kuliko wote," alisema Mheshimiwa Makungu, na macho yake yalilowa kweli kweli. "Watakuwa na dirisha lao peke yao. Mjamzito akija na kero yake hapangi foleni. Anasikilizwa palepale."

Nyuma ya pazia, Siwatu, binti wa pili wa Bi. Mwatumu na ndiye pekee aliyebaki, alikuwa akisikia kila neno. Alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, na tumbo limeshashuka.

*

Bi. Mwatumu hakwenda kulalamika tena, maana alishaona malalamiko yanavyojibiwa. Alipita nyumba kwa nyumba na ombi moja dogo.

"Msipige," aliwaambia. "Basi. Sitaki mseme kitu, sitaki mgomvi wala mtu wa kurusha mawe. Siku ya mkutano kaeni na mikono yenu mpaka jua lizame. Hoja itaanguka, na mwakani Mungu mkubwa."

Utadhani ni jambo jepesi. Watu walimtazama kama aliyewaambia wasipumue.

"Hata Meya akitajwa?" aliuliza Mzee Ngwali, jirani yake, ambaye ujana wake wote alipiga ngoma katika bendi ya jiji.

"Hata akitajwa."

"Hata akisema 'ndugu zangu'?"

"Hapo hasa ndipo usipige."

Mzee Ngwali aliinua mikono yake akaigeuza geuza. "Bi. Mwatumu, mimi nakuahidi, lakini hii siisemei. Hii imezoea. Siku hiyo mke wangu atanifunga kwa khanga."

Na kweli alifungwa. Wengine waliazimia kuikalia mikono yao. Wengine waliamua kubeba watoto, kila mkono mtoto wake, na asiye na mtoto akaazima.

*

Alfajiri ya siku ya mkutano, Siwatu alishikwa na uchungu.

Bi. Mwatumu alimpeleka zahanati hatua kwa hatua, akimshika kiuno. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha mpira, vijana wa jiji walikuwa wakisimamisha turubai kubwa lenye rangi za taifa. Nyuma ya turubai lilikuwapo tingatinga la manjano, injini inanguruma. Dereva alisema ameliwasha mapema ili lisije likapoa.

"Mama, nenda kwenye mkutano," Siwatu alisema akiwa kitandani, ameuma pindo la khanga.

"Nikuache hivi? Dada yako nilikuwa naye, na bado..."

"Dada hakuwa na zahanati. Mimi ninayo. Wale ukiwaacha peke yao, Meya atakohoa tu wamekwisha. Nenda ukawakalie, mama. Nikishajifungua Nesi Adela atakuletea habari."

Nesi Adela, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliitikia kwa kichwa na kumsukuma Bi. Mwatumu nje kwa bega. Akatoka. Hakuna kitu alichowahi kukifanya kilichokuwa kigumu kama kuvuka barabara ile.

*

Mkutano ulifunguliwa kwa itifaki. Wakatajwa waheshimiwa wote, na vyeo vyao, na vyeo walivyostaafu, na vyeo wanavyotarajia. Kila jina lilifuatiwa na kimya. Baada ya majina kadhaa waheshimiwa walianza kutazamana, na mmoja akajishika kifuani kuhakikisha yu hai.

Mstahiki Meya Tambwe alipanda jukwaani akiwa amevaa suti nyeupe na mkufu wa jiji. Aliweka hoja mezani: zahanati ivunjwe, Kituo cha Kusikilizia Kero kijengwe. Kisha akashusha sauti, akaitetemesha.

"Ndugu zangu..."

Mikono ilishtuka turubai zima. Bi. Mwatumu alikuwa amesimama mbele kabisa, amelipa jukwaa mgongo, anawakodolea macho majirani zake mmoja mmoja. Mikono ikarudi chini. Mzee Ngwali alikuwa anatetemeka ndani ya khanga kama mwenye homa.

Meya alisubiri. Akanywa maji. Akasema tena, "Ndugu zangu," na kimya kikawa kikubwa zaidi. Akadhani kipaza sauti kimekufa. Akakigonga, "Moja, mbili," kikaitika mpaka mtaa wa pili. Fundi wa mitambo akafukuzwa kazi palepale kwa uzembe.

Ndipo akaitwa mshereheshaji, Bwana Chapuo, mtu maarufu sana jijini ambaye aliwahi kuwafanya wafiwa wapige makofi makaburini. Aliingia akicheza.

"Pasha mikono! Pasha, pasha, pasha! Haya, upande huu mnalala? Wanawake hoyee! Sasa nataka makofi ya kilo!"

Kimya. Alisikika mtoto mmoja tu akinyonya.

Bwana Chapuo alijaribu utani, akajaribu wimbo, akajaribu kuanguka kwa makusudi. Alipoona hapati kitu alikaa kwenye ukingo wa jukwaa akafuta jasho, na wenye kumjua wanasema hajawahi kuchangamka tena tangu siku ile.

Baraza halikukata tamaa. Lilimtoa binti mdogo wa shule ya msingi, sare yake imepigwa pasi, soksi nyeupe, akaghani shairi la kukisifu Kituo kitakachosikia. Alighani vizuri mno, hakukosea hata neno. Alipomaliza akainama kwa adabu, akasubiri. Mama yake alikuwa katika safu ya mbele, ameikalia mikono, ameng'ata midomo mpaka imepauka. Binti alimtazama mama yake. Akatazama watu wote aliowajua tangu azaliwe, na hakuna hata mmoja aliyempigia kofi. Akaanza kulia, kwanza polepole, kisha kwa sauti.

Bi. Mwatumu aliumia. Aliumia kama kwamba yeye ndiye aliyemchapa.

"Mnaona watu hawa?" Meya alisema kwenye kipaza sauti, kwa uchungu wa kweli. "Hawana huruma hata kwa mtoto."

Kamanda wa askari wa jiji alisogea akamnong'oneza Meya kwamba vijana wake wana virungu na wanaweza kusaidia. Meya akakataa kwa hasira. "Makofi ni ya hiari! Sisi tunafuata sheria hapa!" Wananchi walilisikia hilo, na wapo waliokaribia kumpigia makofi kwa kukataa.

Ikafuata zamu ya zawadi. Kila mtu akapewa khanga mpya na soda iliyokwisha funguliwa. Mpimaji wa Makofi akainuka chini ya mwavuli wake akatoa angalizo kwamba mtu mwenye khanga mkono huu na soda mkono huu hawezi kupiga makofi hata akitaka. Waheshimiwa wakashika vichwa. Zawadi zote zikakusanywa upya, na soda zilizonywewa nusu zikakusanywa hivyo hivyo.

*

Ilikuwa adhuhuri Bi. Mwatumu alipoliona gauni jeupe la Nesi Adela kwenye kamba iliyolizunguka turubai. Nesi alikuwa akinyoosha shingo kumtafuta. Lakini aliyemfikia kwanza ni Mheshimiwa Makungu. Aliinama, akasikiliza, akaitikia, akamshika nesi bega kwa heshima kubwa, na nesi akageuka akarudi mbio alikotoka, kama mtu aliyeacha kazi katikati.

Makungu akarudi meza kuu, akakaa, akakunja mikono juu ya tumbo.

Bi. Mwatumu alimfuata mpaka chini ya jukwaa. "Makungu, nesi amesemaje?"

"Utaratibu, mama. Taarifa zote hupitia meza kuu, na meza kuu ina ratiba yake."

"Ni mwanangu. Niambie tu, yu mzima?"

"Mama yangu," alisema kwa ile sauti yake laini, "usitake nivunje itifaki mbele ya Mstahiki."

Alikimbilia kwenye kamba. Askari alimwambia kwa adabu kwamba yuko huru kabisa kutoka, ila anayetoka harudi. Bi. Mwatumu aliitazama zahanati ng'ambo ya barabara, mlango ule wa bluu aliousimamia mwenyewe ukipakwa rangi. Kisha aliwatazama majirani. Walikuwa wamechoka, mikono imewafa ganzi, na wote walikuwa wakimtazama yeye. Alijua akivuka tu ile kamba, hawafiki alasiri.

Akarudi akasimama pale pale. Mwanajuma alikuwa akimjia machoni kila alipofumba, na sasa Siwatu alikuja na sura ile ile. Hakulia. Alisema moyoni kwamba ikiwa Siwatu amekufa, basi angalau binti wa mwenzake asife.

*

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, waheshimiwa waliingiwa na hofu. Bwana Afya wa Jiji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiapa kwamba jiji halina mbu hata mmoja, alipewa amri alete mbu. Akaenda na mti mrefu kwenye mtaro uliokuwa nyuma ya turubai, akaukoroga. Wakainuka wingu zima.

Mpango ulikuwa mzuri. Mtu akiumwa na mbu atamkamata kati ya viganja, na sauti yake Mpimaji ataisikia. Lakini watu wa Kibafuta waliwaacha mbu wanywe. Walikaa wameng'ang'ana, mbu wamewajaa usoni na shingoni, akina mama wakiwapulizia watoto wao kwa midomo. Waliovumilia chini ni wao. Juu ya jukwaa ilikuwa habari nyingine. Waheshimiwa wote, pamoja na Meya, walikuwa wakiwapiga mbu kwa mikono miwili, meza kuu nzima inarindima makofi.

"Yamesikika!" Meya akapiga kelele. "Pima! Pima!"

Mpimaji akainuka, akakohoa. "Mstahiki, sheria inataka makofi ya wananchi. Waheshimiwa si wananchi."

Jambo hilo liliwashangaza hata waheshimiwa wenyewe, ambao hawakuwahi kulisikia likisemwa waziwazi.

Jua likawa jekundu, likagusa vichwa vya nyumba za magharibi. Watu chini ya turubai walianza kulitazama, kisha wakaanza kutazamana, na mwisho baadhi yao wakatabasamu. Lilikuwa limebaki kidogo sana. Meya alikuwa amevua mkufu. Mheshimiwa Makungu alimwinamia sikioni, akasema maneno machache, akainuka, akafunga kifungo cha koti.

*

"Wazazi wangu," alianza, bila makeke. "Mmetushinda. Sisimami hapa kwa ajili ya hoja. Nasimama kama mtoto wenu, kwa jambo la kibinadamu. Tangu adhuhuri nimebeba habari moyoni, na imenilemea. Bi. Mwatumu, mama yangu, naomba usogee."

Bi. Mwatumu hakusogea. Majirani wawili walimshika kwapani.

Makungu aliangalia chini kama wanavyoangalia watu wanaoleta habari za msiba. Akatoa kitambaa mfukoni. "Binti yako Siwatu," alisema, akanyamaza. Akafuta jicho moja, kisha la pili. Mama mmoja nyuma alianza kusema inna lillahi.

"Binti yako Siwatu amejifungua salama. Mtoto wa kike. Mama mzima, na mtoto mzima."

Kofi la kwanza lilikuwa la Bi. Mwatumu. Hakulikusudia, wala hakujua kwamba amelipiga, mikono yake ilikutana mbele ya uso wake kwa kishindo huku mdomo ukisema "Mungu wangu." Halafu watu wote wakamfuata. Mikono iliyokaliwa tangu asubuhi ilifumuka. Watoto walioazimwa wakawekwa chini. Vigelegele vikapaa, wanawake wakarukaruka, na Mzee Ngwali akaikata khanga ya mkewe vipande viwili akapiga kama siku za bendi. Walipiga kwa furaha, walipiga kwa ajili ya Mwanajuma, walipiga na mbu waliobaki mikononi mwao. Yalikuwa makofi makubwa kuliko yote yaliyowahi kusikika jijini.

Mpimaji wa Makofi alikuwa amekwisha simama. "Yamepimwa. Ni ya wananchi, ni ya hiari, na jua bado halijazama. Hoja imepita."

Ilichukua muda watu kumwelewa. Walinyamaza safu kwa safu, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Hatukuipigia hoja," Bi. Mwatumu alisema. Alikuwa bado ana machozi ya furaha mashavuni. "Tumempigia mtoto! Makungu, waambie! Tumempigia mtoto!"

"Mama," alijibu Mpimaji kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "mimi nasikia makofi, sisikii sababu. Sheria inauliza kama yalipigwa hoja ikiwa mezani. Ilikuwa mezani."

Mstahiki Meya alishika kipaza sauti, mkufu umesharudi shingoni. Alisema katika miaka yake yote ya uongozi hajawahi kuona hoja ikipokelewa kwa mapenzi ya namna ile. Alimshukuru Bi. Mwatumu kwa kuwa wa kwanza kuunga mkono. Kisha akasema mtoto aliyezaliwa ni mtoto wa bahati, kwa kuwa ataingia katika historia kama mtoto wa mwisho kuzaliwa katika zahanati ya Kibafuta, na akaomba apigiwe makofi tena.

Wapo waliopiga. Ni watu wenye adabu.

*

Bi. Mwatumu alivuka barabara akikimbia, mtandio umeanguka njiani. Tingatinga lilikuwa limekwisha mtangulia. Vijana wa jiji walikuwa wameutoa mlango wa bluu na kuuegemeza ukutani, na kitanda cha kuzalia kilikuwa nje kwenye majani. Siwatu alikuwa amelala juu yake, uso umechoka lakini unang'aa, mtoto amemlaza kifuani ndani ya khanga. Nesi Adela alikuwa amesimama kando na trei ya vyombo vyake, hajui aiweke wapi. Alipomwona Bi. Mwatumu aligeuza uso.

"Mama, njoo umwone," Siwatu alisema. "Nimempa jina la dada."

Bi. Mwatumu alimpokea mtoto. Alikuwa mwepesi na wa moto, na alikuwa akitafuta titi kwa mdomo.

"Tumesikia makofi mpaka mle ndani," Siwatu aliendelea, hawezi kujizuia kucheka. "Nikamwambia nesi, wale ni watu wetu, jua limezama na tumeshinda. Yeye haamini neno mpaka alione. Halafu vijana wakaja kututoa nje, wapole kweli, wakanibeba na kitanda changu. Na hiyo mashine, wameileta kupanua wodi?"

Tingatinga lilipiga honi watu wasogee. Nesi Adela aliweka trei chini kwenye majani.

"Mwanzoni lilikuwa kofi moja tu," Siwatu alisema. "Nililisikia vizuri. Moja peke yake, kubwa, ndipo wengine wote wakafuata. Nani alianza, mama?"

"Mimi," alisema Bi. Mwatumu.

Siwatu alimshika mkono, akaubusu kiganjani. "Nilijua tu ni wewe."